Hodi Tatu za Seva ya Pili

Hospitalini kwetu Bagamoyo niliitwa Mkuu wa Kitengo cha Mifumo. Kitengo chenyewe kilikuwa mimi, kiti kimoja, feni ya mezani na kijichumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka. Mfumo wenyewe ulikuwa mmoja. Lakini cheo ni cheo. Nilikiandika kwenye kibao kwa herufi kubwa, nikakipigilia mlangoni kwa mkono wangu, kikakaa upande, nikakiacha hivyohivyo kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukiona kizuri.

Mfumo huo ulitunza habari za wagonjwa: nani kalazwa, kapimwa nini, kapewa dawa gani na saa ngapi. Zamani mambo hayo yalikaa kwenye mafaili, na mimi ndiye niliyeyafukuza mafaili. Kila wodi nilibandika tangazo: KAMA HAIMO KWENYE KOMPYUTA, HAIJAFANYIKA. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe, nikaipiga picha, nikampelekea mke wangu. Akanijibu kwa kuniuliza kama nimekumbuka kununua nazi.

Ili mfumo usilale hata siku moja, tulikuwa na seva mbili. Moja ilikaa jengo jipya, wanakopokelewa wagonjwa, na ya pili jengo la zamani, ziliko wodi. Data hazikukaa ndani ya seva. Zilikaa kwenye diski moja kubwa ya pamoja, katika chumba chake, na kila seva iliifikia kwa waya wake. Kazi yote ilifanywa na mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya seva ya kwanza. Seva hiyo ikifa, ya pili inaiamsha mashine ileile upande wake, inafungua diski ileile, na kazi inaendelea kama kawaida.

Hatari ni moja tu, na walimu wangu waliirudia mpaka wakachoka wao: seva ya kwanza isije ikawa haijafa. Zikiwa hai zote mbili, kila moja itaandika kwenye diski ileile bila kujua mwenzake kaandika nini, na hapo kweli moja inakuwa kweli mbili. Ndiyo maana huwekwa kizimio, swichi ya umeme inayopokea amri kutoka mbali. Seva ya pili, kabla haijaigusa diski, kwanza humkatia mwenzake umeme, ili kama hajafa, afe. Ni ukatili, lakini usalama wote uko hapo.

Kizimio nilikuwa nacho, na kilifanya kazi vizuri. Ndiyo sababu nilikiondoa.

Ilikuwa siku ya uzinduzi. Wageni wa wilaya walikuwa wamesimama mbele ya seva ya kwanza, nami nawaeleza kwa Kiswahili cha kwenye redio, mtandao ukayumba kidogo. Seva ya pili haikusubiri nimalize sentensi. Pa! Taa za seva ya kwanza zikazimika zote, na ile feni yake iliyokuwa ikinguruma ikanyamaza. Mgeni mmoja akauliza, "Kumbe mashine zako zinauana?" Watu wakacheka. Mganga mfawidhi, yaani bosi wetu, naye akacheka, lakini kwa mdomo tu. Wodini hakuna aliyehisi kitu, kila kitu kilikuwa sawasawa, na mimi sikuliona hilo hata kidogo. Nilichokiona ni kwamba nimechekwa mbele za watu.

Wageni walipoondoka nilikichomoa kizimio, na mahali pake nikaandika programu fupi yenye adabu. Seva ya pili ikimkosa mwenzake, itamwuliza: hodi? Itasubiri. Hodi? Itasubiri tena. Hodi? Ikiona kimya, ndipo itaingia kazini. Neno lenyewe nililiandika humo, hodi, mara tatu. Nilijiona mstaarabu mno. Nilifikiri wenzangu wa mijini wana mashine za kihuni, mimi yangu imelelewa pwani.

Na kulelewa nililelewa, kama ingalikuwa inasaidia. Mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli kule Fukayosi. Arusi, maulidi, hitima, hakuna sufuria kubwa iliyopanda jikoni bila yeye kuitwa. Nilipokuwa mdogo kulitokea arusi moja ambako mama aliiacha pilau kidogo akaenda kuswali, mpishi mwenzake akapita, akaona hapana mtu na mwiko umesimama ndani ya sufuria, akadhani chumvi bado. Akatia. Mama akarudi, akatia na yeye. Wageni walikunywa maji siku ile mpaka watoto wakatumwa kisimani mara ya tatu, na bwana arusi akawa anatafuna huku anatabasamu, maskini, kwa sababu wakwe walikuwa wanamtazama.

Tangu hapo mama aliweka sheria. Anayetia chumvi ni aliyeshika mwiko. Akiondoka jikoni, anaondoka nao, na anayetaka kuchukua kazi amfuate alipo, autoe mkononi mwake. Nimemwona mama akiswali Adhuhuri mwiko umelazwa kando ya mkeka, una mafuta, nzi wanauzunguka. Nilikua nikiyaona hayo kila wiki. Halafu nikaenda chuo, nikafundishwa kwa Kiingereza kitu kilekile alichokuwa akikifanya mama, nikafaulu vizuri, nikasahau.

Basi asubuhi moja mama aliletwa kutoka Fukayosi, sukari imempanda. Nilimpokea mwenyewe jengo jipya, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kifua mbele, kila niliyekutana naye nikamwambia huyu ndiye mama. Nilimwonyesha kompyuta ya mapokezi.

"Mama, hapa mambo yako yote yanaingia humu. Hakuna kitakachosahaulika."

"Na chakula kinaingia humo?" akauliza.

Nilimwacha mikononi mwa wauguzi, nikatoka. Nje mafundi walikuwa wanachimba mtaro wa maji ya mvua kati ya majengo mawili. Saa tano na kitu simu yangu ikalia, ujumbe kutoka seva ya pili: mwenzangu haitiki, nimechukua kazi. Nilisimama pale uani nikausoma mara mbili kwa raha. Niliangalia mapokezi, kompyuta zinafanya kazi. Nikachungulia wodini, zinafanya kazi. Nikaenda kwa mganga mfawidhi nikamwambia seva imekufa na hakuna aliyejua. Akanipa mkono. Nikaagiza chai na chapati mbili, nikala taratibu, kama mtu aliyeozesha binti.

Kweli, hakuna aliyejua. Hata mimi sikujua. Seva ya kwanza haikuwa imefika hata kuugua. Mafundi wa mtaro walikuwa wameukata waya ambao seva zile zilitumia kusemezana na majengo yalitumia kuwasiliana. Nyaya za kwenda kwenye diski zilipita juu, hazikuguswa. Seva ya pili ilibisha hodi kwenye waya uliokatika, mara tatu, kwa adabu zote nilizoifundisha, ikaingia. Sasa mashine pepe zilikuwa mbili, zote zinaandika kwenye diski moja. Mapokezi walikuwa wanaandikia moja, wodi wanaandikia nyingine, na hakuna iliyoona maandishi ya mwenzake.

Saa sita na robo, muuguzi wa mapokezi alimdunga mama sindano ya insulini, akaandika kwenye kompyuta yake. Mama akahamishiwa wodini, akavushwa uani kwenye ubao juu ya mtaro. Hakwenda na faili wala kikaratasi, maana makaratasi nilishayapiga marufuku. Wodini alipokelewa na muuguzi mtu mzima, mwenyeji wa bara, mama wa kanisani aliyekaribia kustaafu, ambaye hospitali nzima tulimwita Sista. Akafungua kompyuta ya wodi. Insulini ya mchana: haijatolewa. Akafanya alivyotakiwa kufanya. Saa saba mama akadungwa tena.

Ilipokaribia saa nane, mimi nilikuwa bado nimeshiba zile chapati mbili. Kijana wa mtaroni akapita dirishani.

"Bosi, kuna waya mweusi tumeukata kule tangu asubuhi. Wa kwenu?"

Nilikwenda nikauona. Nilishuka mtaroni na viatu vyangu vya ngozi, nikauokota, nikaushika kipande huku na kipande huku, na nikaanza kuhesabu kichwani. Kama waya umekatika, basi seva haikufa. Kama haikufa, basi... Nilipofika hapo simu ikalia tena, safari hii ni wodini: njoo kwa mama yako.

Nilimkuta mama amelowa jasho, kanga imemganda, mikono inatetemeka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. "Punguzeni moto," alikuwa anasema. "Punguzeni moto, wali unashika." Akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki mimi sijazaliwa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika maisha yangu. Nilikuwa na matope mpaka magotini, nimeshika kipande cha waya, nalia mbele za wagonjwa, Mkuu wa Kitengo. Sista hakulia. Alikuwa amekwisha kupima, amejua, ameshatundika dripu ya sukari, na mkono mmoja ulikuwa unampigapiga mama shavuni taratibu. Haikuchukua muda mama akanitazama vizuri.

"Mbona una matope?" akasema.

Ndipo nikakimbilia kwenye seva. Nilizima ya pili, nikaunga waya, nikaanza kuitengeneza diski. Humo ndani mlikuwa mmevurugika, vipande vya jengo hili na vipande vya jengo lile vimeandikwa juu kwa juu. Haviwezi kubaki vyote. Programu ya kutengeneza ikachagua maandishi ya mapokezi, ikayatupa ya wodi. Nilikaa nikaitazama inavyotupa. Kumbukumbu za seva zenyewe, zile zinazosema nani aliwaka saa ngapi na kusoma nini, zilikuwa mahali pengine. Zilibaki zima, na hakuna mtu hospitalini aliyejua kuzisoma isipokuwa mimi.

Jioni kabla watu hawajaondoka tuliitwa ofisini: mganga mfawidhi, matroni, Sista, na mimi na kompyuta yangu mapajani.

"Nilitazama kabla ya kumdunga," Sista alisema. "Iliandikwa haijatolewa."

Mganga mfawidhi akanigeukia. "Fundi, mfumo unasemaje?"

Nikafungua. "Unasema alidungwa saa sita na robo."

Kila neno nililolisema lilikuwa kweli, na nilikuwa namwongopea mtu mzima aliyeniokolea mama yangu. Sista aliomba aone. Nikamgeuzia kioo. Akasogea, akasoma, akarudi nyuma kidogo akasoma tena. Ukutani juu ya kichwa chake lilikuwa tangazo langu. Matroni akamtaka aandike barua ya maelezo. Mimi nilikohoa. Huo ndio mchango wangu katika kikao kile, kikohozi, na hata kifua hakikuwa kinaniuma.

Nilijipa sababu nyingi. Kwanza mama apone. Kwanza nihakikishe. Kwanza wiki iishe. Mtu akitaka kuchelewesha aibu yake, hakosi cha kuanza nacho.

Mama aliruhusiwa siku ya pili yake, nikamchukua nyumbani kwangu Mapinga. Jioni hiyo alikaa barazani anachambua mchicha, kwa kuwa hajui kukaa bure, na mimi nikakaa ngazini kumsaidia, yaani kumharibia.

"Yule muuguzi wa wodini," akasema, "wamemfanyaje?"

"Anaandika maelezo, mama."

"Alikuja kitandani kabla sijaondoka. Kapiga magoti, mtu mzima yule, kanishika miguu. Kasema mama nisamehe, macho yangu yamenidanganya, nimekudunga mara mbili. Nikamwambia nimekusamehe, nyanyuka." Alitupa shina. "Lakini mimi nilimwona anasoma kile kioo chenu. Alikodoa hivi. Akanisomea kwa sauti, haijatolewa. Mimi nilijua nimeshatobolewa kule, nikasema labda ndio utaratibu wenu, nisiwafundishe kazi. Sasa mwanangu, aliyesoma kwa sauti, macho yamemdanganyaje?"

Nikamweleza. Nilianza kwa maneno ya chuo, akanitazama tu, nikayaacha. Nikamwambia ni kama ile arusi ya chumvi. Wapishi wawili, sufuria moja, kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nikamwambia mwiko ulikuwepo, nikautupa kwa sababu wageni walinicheka. Nikamweleza na habari ya hodi, na hata pale, Mungu anisamehe, sauti yangu ilikuwa na majivuno kidogo.

"Ikabisha hodi tatu," akasema mama.

"Ndiyo."

"Kimya."

"Kimya."

"Ikaingia."

"Ndivyo nilivyoipanga, mama."

Aliacha mchicha. "Hodi tatu zisizoitikiwa, mtu anarudi kwao. Hilo ulilijua kabla hujajua kufunga kifungo. Nyumba kuwa kimya ndiyo mwenyewe amekufa? Huenda yumo chooni. Huenda anaswali."

Miaka yote ile nimebisha hodi katika nyumba za watu, nikaona kimya, nikaondoka zangu, haijanipitia hata mara moja kuingia na kuanza kupika.

"Na mimi," mama akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "nilitoa msamaha. Yule hakuwa na kosa. Sasa msamaha wangu nimempa nani?"

Nililia tena. Nimegundua mimi ni mtu wa kulia, jambo ambalo halimo kwenye maelezo ya kazi yangu.

Asubuhi nilichapisha kumbukumbu za seva zote mbili nikaenda kwa mganga mfawidhi. Nilieleza bila kukohoa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, yote ya maana, akaniambia barua ya maelezo sasa itakuwa yangu. Nilipata onyo kwa maandishi, kwenye karatasi, nami sikuthubutu kusema kwamba hatutumii tena karatasi. Kizimio nimekirudisha. Mwaka huu kimeshaikatia seva ya kwanza umeme mara mbili, mara moja mbele ya wageni, na walipocheka nikawaambia ndiyo, zinauana, karibuni chai. Mgonjwa akihamishwa jengo siku hizi huhama na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu. Matangazo niliyabandua mwenyewe. Gundi ilikuwa kali, nayo niliichagua mwenyewe.

Lakini asubuhi ile, kabla ya yote hayo, nilipotoka kwa mganga mfawidhi nilikwenda wodini. Sista alikuwa mezani anaandika, na usoni alikuwa na miwani. Sikuwahi kumwona na miwani.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea vizuri. Halafu nikamwambia yote, nimesimama, nikaiweka ile karatasi mbele yake. Nilimwonyesha kwa kidole mstari mmoja: saa sita na dakika hamsini na nane, kompyuta ya wodi, jina lake la kuingilia, amesoma, na jibu alilopewa. Haijatolewa.

Alivua miwani. Aliinyanyua karatasi, akausoma mstari ule bila kuisogeza karibu wala mbali, akausoma kwa sauti kama alivyomsomea mama. Haijatolewa.

"Kwa hiyo niliona sawa," akasema.

"Uliona sawa, Sista. Siku ile ofisini nilijua. Naomba unisamehe."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa sare yake, akaubonyeza mfuko kwa kiganja. Kisha akaichukua ile miwani mpya mezani, akaigeuzageuza.

"Nimewaambia watoto wangu mama yenu amezeeka, kazi imemshinda," akasema. "Barua ya kuomba kuacha nimeshaiandika, ipo kwa matroni. Hebu nenda kanichukulie."

Nikaenda mbio.